Utando Usiokauka

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni hayo macho yako tu. Daktari amesemaje?

Uliuliza nafanya kazi gani hasa. Nakaa kwenye kibanda cha mabati chini ya bomba la moshi la kiwanda cha saruji. Moshi unapitishwa kwenye utando, yaani chujio jembamba, niliouloweka mwenyewe kwa chumvi iliyo majimaji. Hewa ya ukaa inapenya, nyingine zinabaki. Jaribio litaisha utando ukishindwa kazi, na anayeujua hapa ni mimi peke yangu, kwa hiyo siwezi kuondoka kabla. Bosi anasema hautafika mbali. Nitakuja ungali unaona.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila macho ndiyo hayo, ukungu kila upande. Dada yako sasa namjua kwa mwendo. Daktari anasema hayana dawa. Nataka nikuone uso, basi. Huo utando bado tu? Mwenzio kila nikisali naomba uchanike, Mungu anisamehe.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje?

Chumvi hii haikauki, mama, hata ipigwe na joto namna gani. Ndiyo sifa yake, na ndiyo inayonikosesha raha. Kibanda kimenibana, msumari mmoja mmoja wa ukutani naujua. Wiki iliyopita nilishika sindano. Tundu moja tu, ningekuwa njiani. Nikairudisha.

Jana utando ukavuja wenyewe. King'ora kikalia, nikakimbia, nikauziba. Mikono ikiwa bado imelowa ndipo nikakumbuka kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Bosi kanipongeza. Mama, nimelia.

Mwanao

15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako alinisomea barua yako. Nilicheka, halafu ikaniuma. Ndivyo ulivyo tangu mdogo, kitu kikivuja hukai. Sikulaumu. Ila usiniambie tena kwamba ni jaribio linalokushikilia.

Na hii pia anaiandika yeye, mimi nasema tu. Siombi tena utando uchanike, haraka imekwisha. Siku utakayokuja usiingie kimya kimya kama ulivyozoea. Sema kitu ukiwa mlangoni, nijue ni wewe.

Mama yako