Kopi ya Dorcas na bic yangu nyekundu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mto umejaa matope, na mimi nimekaa hapa na nguo zilizolowa, sina hata nguvu ya kubadilisha. Naandika nikiwa na aibu. Nasema hivyo mapema, ili asiyetaka kusoma aibu ya mtu mwingine aende zake.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka ninapokaa. Kila mwaka nafundisha insha ya pande mbili: unatetea, unapinga, halafu unapima na kuamua. Katika kazi yangu yote, hili ndilo somo ninalolipenda zaidi. Wanafunzi wamenichoka kwa msemo wangu kwamba aliyesikia upande mmoja hajasikia kitu.

Safari hii niliwapa mada: mtoto mwenye akili kupita umri wake, ni baraka kwa watu au ni hasara? Niliichagua kwa sababu ya Dorcas. Dorcas ana miaka kumi na moja, na anakaa benchi moja na vijana wa kumi na sita, maana walimu wamemrusha madarasa. Anamaliza hesabu kichwani wenzake wakiwa bado wanatafuta kalamu. Nilidhani mada ile inamheshimu.

Nikapiga mstari katikati ya ubao. Upande wa baraka ulijaa upesi. Upande wa hasara ulibaki na vitu vichache tu: anakosa michezo, anachoka, wazazi wanamtembeza ili asifiwe. Basi. Na mimi siwezi kuvumilia ubao ulioegemea upande mmoja. Nikawabembeleza, jamani, leteni ingine. Trésor, kijana wa benchi la nyuma, akanyoosha mkono. "Madame, kwetu banasema mutoto wa vile anakulaka akili ya benzake. Iko ndoki."

Darasa likacheka. Ndoki ni mchawi, na hapa kwetu hilo si neno la mchezo. Kuna watoto wanaolala sokoni kwa sababu mtu wa nyumbani kwao alilitamka. Mimi najua hayo, nawapita kila siku nikienda kivukoni. Na bado niliandika. Nikalivalisha nguo safi: "Watu wengine huamini kwamba akili hiyo hutoka mahali pabaya." Nikasema, bon, huu nao ni upande.

Nilifurahi. Hiyo ndiyo inanichoma leo. Nilifurahi kwamba ubao umejaa sawasawa.

Dorcas alinakili kila neno. Yeye ni yatima wa mama, analelewa na tantine yake, mdogo wa marehemu. Alipoandika insha yake alijitolea mfano yeye mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha kwamba mfano wa karibu unashinda wa mbali. Kwenye upande wa kupinga aliandika kwamba tangu aanze kurushwa madarasa, mama yake amekufa, mtoto wa tantine amerudia mwaka, na nyavu za tonton, mume wa tantine, zinatoka majini tupu. Akaandika kwamba mtu akipima haya yote, anaweza kusema akili yake ilichukuliwa kutoka kwao. Halafu akahitimisha kwa utulivu kwamba ushahidi hakuna, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kusaidiwa.

Mtoto wa miaka kumi na moja aliandika hayo, na mimi nilisoma kama msahihishaji tu. Pembeni ya aya ya kupinga niliandika kwa bic nyekundu: "Hoja yenye nguvu. Vizuri sana." Nikampa alama za juu kuliko wote.

Shuleni kwetu kopi, karatasi ya insha, ikishasahihishwa inapelekwa nyumbani, mzazi aweke sahihi. Tantine si mjinga, alisoma mpaka karibu na diplome. Alisoma aya ile, akaona na mwandiko wangu pembeni.

Tangu Jumatatu Dorcas hajaonekana darasani. Nikadhani ni malaria, wala sikuuliza.

Leo asubuhi tantine amekuja shuleni kwenye mvua, amejitwisha mkungu wa ndizi. Zawadi yangu. Alinishika mikono yote miwili. "Aksanti Madame, ulitufungula macho. Mutoto aliandika yote na mukono yake, na weye ulihakikisha." Akanieleza kwamba Dorcas yuko kwenye chumba cha maombi, amefungishwa, hapewi chakula, na Jumapili ataungama uchawi wake mbele ya watu wote.

Niliupokea ule mkungu. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye: niliupokea, nikasema aksanti, kwa sababu directeur, mkuu wetu wa shule, alikuwa amesimama pale na mimi niliona haya. Tantine akaondoka mwepesi, mtu aliyepata hatimaye jibu la msiba wake.

Nikaingia darasani, nikawaambia wasome kimya. Sikuweza kukaa. Nikaacha darasa bila ruhusa, nikaenda.

Chumba cha maombi kiko nyuma ya reli, banda la mabati lenye mabenchi. Dorcas alikuwa amekaa peke yake mbele, midomo imempasuka kwa njaa. Tantine alikuwa pale na pasta wao. Nikamwambia tantine, na pasta akisikia, kila kitu: mada ni yangu, lile neno ubaoni niliandika mimi, mtoto alifanya zoezi nililompa. Tantine akaniuliza: "Kama iko uongo, juu ya nini uliandika iko na nguvu?"

Nikasema nilimaanisha imeandikwa vizuri. Loo! Mtu amefiwa na dada yake, anatafuta aliyemla, na mimi namsimulia habari za uandishi mzuri. Hata masikioni mwangu jibu lile lilikuwa upuuzi.

Ndipo Dorcas akasema, pole pole, kama mtu aliyeitwa kujibu darasani: "Tantine, usimukasirikie Madame. Ye alisema tusikilize pande zote. Pengine iko kweli. Mi sijue."

Yeye ambaye hajawahi kuniambia hajui.

Nikalia pale pale, mwalimu mzima, kamasi na machozi. Pasta akasema Jumapili ni Jumapili, mtoto ataungama. Tantine alikubali jambo moja tu, mtoto ale. Akaletewa lituma, ndizi za kupondwa, na kipande cha samaki, nami sikuondoka mpaka amemaliza. Nilipoomba nimchukue alale kwangu, tantine alikataa.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Kesho nitawaambia wanafunzi, mbele ya Trésor, kwamba kosa si lake. Directeur nitamweleza mwenyewe, na akinifukuza, anifukuze.

Halafu Jumapili nitavuka mto mapema na kukaa benchi la mbele, karibu naye. Naogopa watu wale. Sijui kama watanisikiliza. Lakini wakiita jina la Dorcas aje kuungama, atakayesimama ni mimi.