Mchele wa Msibani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Milka Ambwene Mwaipaja
Umri: Miaka 41
Kabila na dini: Mnyakyusa, Mkristo
Kazi: Mkulima wa mpunga na mfanyabiashara wa vyungu
Makazi: Busale, Wilaya ya Kyela
Tarehe na saa: Jumatano, 12 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi
Anayeandika: Mkaguzi wa Polisi Jubilate, kutoka wilaya nyingine

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afande anayeandika amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kuwa nimeshasema ukweli mara mbili mbele ya polisi na haukunisaidia kitu, ila nitausema tena.

Natoa maelezo haya kwa ajili ya kesi ya kifo cha mdogo wangu Hebroni, aliyefia Karonga, upande wa Malawi. Kesi iko huko huko Karonga. Mshtakiwa ni Wilson, mwenye malori na ghala la mchele hapa mjini Kyela, mtaa wa Bondeni. Itaanza kusikilizwa Jumanne ijayo, tarehe 18. Mimi ndiye niliyeona. Kulikuwa na mwenye duka aliyeona pamoja nami, lakini amehama na simu yake haipatikani, kwa hiyo nisiposimama mimi mahakamani hakuna kesi. Sasa hakimu wa huko amesema hatanisikiliza mpaka nieleze kwa maandishi, mbele ya polisi wa Tanzania asiye wa kituo chetu, habari ya mchele uliotoka nyumbani kwetu ukaenda kwa askari. Ndiyo maana niko hapa. Nisingekuja kwa hiari, vituo vya polisi vimenichosha mwili na roho.

Mnamo tarehe 10 Agosti 2024, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, mimi na Hebroni tulikuwa nje ya soko la Karonga. Nilikuwa napanga vyungu nilivyonunua kwa akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa Ikombe. Hebroni alikuwa akinivushia mizigo mpakani kwa baiskeli, miaka yote, na alikuwa na tabia ya kunitania mbele ya wateja, ananiita bosi wa udongo. Siku ile alikuwa amebeba chungu kikubwa kichwani anajifanya bibi wa Kikisi anayekwenda kisimani, mimi na mwenye duka wa jirani tunacheka.

Lori la Wilson lilikuja likataka kupita pale tulipopanga. Wilson mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha. Hebroni akaweka chungu chini, akamwambia, "Bosi, dakika moja tu, tunasogeza." Wilson akasema, "Unatoa au nikutoe?" Hebroni akasimama mbele ya gari, akanyoosha mkono, akasema, "Si nimesema tunasogeza, jamani." Wilson akamwangalia, akaingiza gia, akaenda. Hakuteleza. Breki hazikukatika, maana baada ya kumpitia alisimama kidogo, akachungulia, ndipo akaondoa gari. Hayo nimeyaona kwa macho yangu kutoka umbali wa hapa na mlango ule.

Vyungu vyote vilivunjika. Watu wa kwanza kufika walinipa pole ya vyungu, kwa sababu walikuwa hawajaona nani yuko chini. Hiyo mpaka leo inanitesa. Hebroni alikata roho kabla hatujafika hospitali. Wilson alishavuka mpaka kurudi Tanzania kabla polisi wa Karonga hawajapata habari zake.

Tulimzika Hebroni Busale siku ya Jumatatu, tarehe 12 Agosti. Kesho yake asubuhi, tukiwa bado tumelala chini kwenye mikeka na majirani, alikuja Koplo Ezroni kutoka kituo chetu. Nilikuwa nimepeleka taarifa kituoni siku tuliyoleta mwili. Alikuja na pikipiki. Alivua kofia mlangoni, akamsalimia mama yangu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," akaketi chini na wanaume, akatoa pole kama mtu wa nyumbani. Tulimpenda, siwezi kudanganya. Baadaye akaniita pembeni kwenye migomba, akaandika maelezo yangu.

Alipotaka kuondoka mama akaniita. Mama yangu anaitwa Kisa, ni mtu mzima, na kwake mgeni wa msiba haondoki mikono mitupu. Akasema, "Mfungie mgeni mchele, na mkungu ule ulioko jikoni." Nikapima debe, nikakata kamba ya mgomba, nikafunga mwenyewe nyuma ya pikipiki. Koplo Ezroni akasema, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana, akaondoka. Mchungaji naye alipewa mchele ule ule. Mwalimu aliyeleta wanakwaya alipewa. Fundi aliyechonga jeneza alipewa, akakataa, mama akamlazimisha. Hakuna aliyesema "kamata Wilson nikupe mchele." Afande ameniuliza mara tatu kama kulikuwa na makubaliano yoyote. Nimejibu mara tatu kwamba hapakuwa na makubaliano, kulikuwa na msiba.

Tarehe 14 Agosti tulisikia Wilson amekamatwa. Nilishukuru Mungu kwa sauti, majirani wakaitikia.

Ijumaa tarehe 16 Agosti, saa nne asubuhi, nilikwenda kituoni kuuliza atapelekwa lini Karonga. Nilikutana na Wilson anatoka mlangoni, amevaa shati limenyooshwa, anaongea na simu. Aliponiona akakata simu, akanipa pole. Haki ya Mungu, alinipa pole.

Niliingia ndani nikamkuta Koplo Ezroni kaunta. Nikamuuliza, "Afande, yule anakwenda wapi?" Akasema, "Kosa limetokea Malawi, sisi hatuna mamlaka nalo." Nikamwambia, "Juzi mlipomkamata mlikuwa nayo?" Akaangalia huku na huku, akashusha sauti, akasema, "Dada Milka, mwenzenu amejiongeza. Na nyie jiongezeni, faili litatembea." Hayo ni maneno yake mwenyewe, sijaongeza wala kupunguza. Nikamuuliza, "Tujiongeze na nini, afande, na tumezika juzi?" Akasema, "Shamba si mnalo?"

Hapo damu ilinichemka. Nilisema kwa sauti, na waliokuwa kwenye benchi walisikia, kwamba shamba hilo ndilo lililotoa mchele alioula. Sasa naona maneno hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Wakati ule nilikuwa nasema uchungu wangu, sikuwa namkumbusha deni. Akanijibu kwa mkato kwamba nitoke kabla hajaniweka ndani kwa kufanya fujo kituoni.

Niliporudi nyumbani nikamweleza mama. Mama akasema, "Basi tuuze lile la chini, mwanangu apate haki yake." Anasema shamba la mpunga la upande wa mto. Nikakataa. Nilimwambia, tukiuza shamba Wilson atauza lori, akiuza lori sisi tutauza nyumba, na Hebroni atabaki pale pale. Mama alinuna, hakunisemesha mpaka Jumapili. Afande ameuliza kwa nini nataja hili. Nataja kwa sababu mtu anayetaka kuhonga angeuza siku ile, mnunuzi tulikuwa naye.

Kuanzia hapo nilipigwa danadana. Mara mkuu wa kituo yuko safari, mara njoo wiki ijayo, mara maelezo yangu ya kwanza hayaonekani. Nikaandikwa upya mwezi wa Septemba, na hayo nayo hayakuonekana. Mwishoni askari mmoja, simjui jina, alinionea huruma, akaniambia taratibu nikiwa natoka, "Mama, usipoteze nauli. Nenda ukaongee na waendesha mashtaka wa kule alikofia."

Mnamo tarehe 7 Oktoba 2024 nilivuka mpaka kwenda Karonga, kwenye ofisi ya waendesha mashtaka. Nilipokelewa na mwanasheria wa serikali yao anayeitwa Lusungu, mwanamke wa makamo. Mimi nilizungumza Kinyakyusa, yeye akanijibu kwa Kingonde, tukaelewana bila mkalimani. Alinisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Hakutazama simu. Alinipeleka mwenyewe sokoni nikamwonyesha nilipokuwa nimesimama na gari lilipokuwa. Nilishangaa sana, maana nilikuwa nimezoea kufukuzwa.

Wakati wa kuondoka nilimpa chungu kidogo cha Ikombe, kizuri, cha mboga. Alikisukuma kwa vidole viwili kukirudisha upande wangu. Akasema, "Mama, usiniletee kitu. Hata maji ya kwako sinywi mpaka kesi iishe." Nilichukia. Nilivuka mpaka na chungu changu huku nalia kwa hasira, nasema huyu mwanamke amenidharau, ameona vitu vya maskini. Kwetu kumrudishia mtu mkono wake ni tusi. Ni baadaye sana, usingizi ulipokataa, ndipo nikaanza kuuwaza ule mchele, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Lusungu aliomba hati ya kumkamata Wilson kule kwao. Wilson hakujua, alijua mambo yake ameshayamaliza Kyela. Mnamo mwezi wa Novemba alivuka na mzigo kama kawaida, akakamatwa upande wa pili wa daraja la mpakani. Alinyimwa dhamana mara ya kwanza, mara ya pili akapewa.

Tarehe 24 Februari mwaka huu, saa kumi jioni, Lusungu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema wakili wa Wilson ameleta maelezo ya Koplo Ezroni. Koplo Ezroni ameeleza kwamba familia yetu ilimpa mchele na ndizi ili amkamate mtu asiye na hatia, na kwamba alipogundua nia yetu ndipo akamwachia Wilson kwa kufuata haki. Lusungu akaniuliza, "Mchele ulitoka au haukutoka?" Nikamjibu, "Ulitoka." Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia, dada, sikujua kama ni kitu cha kusema. Nani anakwenda kwa mwanasheria kueleza kwamba wageni wa msiba walipewa mchele?

Akasema nisifiche, nieleze yote na nisiseme uongo hata kidogo, halafu tarehe 18 nifike mwenyewe nisimame. Alisema maelezo ya karatasi yatafungua mlango tu, lakini atakayemfunga Wilson ni mtu aliyeona.

Afande, naomba uandike na hili kama nilivyolisema. Aliyepokea kutoka kwa Wilson hajaulizwa alipokea nini. Wilson aliyetoa hajaulizwa alitoa nini. Mimi niliyefunga debe la mchele msibani, mchana, mbele ya mchungaji na kijiji kizima, ndiye ninayeulizwa. Inaniuma, na inanitia hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Mama yangu sasa mgeni akija nyumbani anaanza kuniangalia mimi usoni kabla hajamkaribisha hata chai. Hata hilo wametunyang'anya.

Afande amenieleza kwamba kumpa kitu askari anayepeleleza shauri linalokuhusu kunaweza kuwa kosa kisheria, na kwamba nina haki ya kuacha sehemu hiyo. Nimeelewa. Sitaiacha. Nikiiacha, Wilson atatoka Karonga kama alivyotoka pale kituoni, na shati lake limenyooshwa. Andika kwamba mchele nilitoa, nilipima mimi na nilifunga mimi, mama aliniagiza tu. Kama ni kosa, nishtakiwe mimi hapa Kyela. Yeye ashtakiwe Karonga kwa ajili ya Hebroni.

Nimemaliza. Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyaona. Nimesomewa yote kwa sauti, nimerekebisha pale palipoandikwa "zawadi" pasomeke "mchele", na ninaweka saini yangu kwa akili timamu bila kutishwa na mtu.

(Saini) Milka A. Mwaipaja

UTHIBITISHO WA ALIYEANDIKA

Mimi, Mkaguzi wa Polisi Jubilate, nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, kuanzia saa 4:20 asubuhi hadi saa 6:45 mchana, na kwamba shahidi ameyasikiliza na kuyakubali. Nakala ya kwenda kwa mwendesha mashtaka, Karonga, imefungwa mbele ya shahidi. Alikataa kuketi mpaka alipoona imefungwa.

Baada ya shahidi kusaini nimempa maelekezo niliyopokea kwa simu kutoka kwa wakubwa wangu: kwa kuwa amekiri mchele ulitolewa kwa askari mpelelezi, yeye na mama yake watahojiwa siku ya Alhamisi, tarehe 20 Machi, na hadi siku hiyo shahidi asitoke nje ya Wilaya ya Kyela.

Shahidi ameuliza kama Koplo Ezroni naye ataitwa siku hiyo. Nimemjibu kuwa juu yake sijapewa maelekezo.

Ameuliza kama kwenda Karonga Jumanne tarehe 18 ni kutoka nje ya wilaya. Nimemjibu kuwa ndiyo.

Amesema niandike na hilo. Nimeandika.

(Saini) Mkaguzi wa Polisi Jubilate
12 Machi 2025