Mama Mkwe Kachimba Mwamba wa Kituo

Shoga, uko wapi?

Kile kituo cha angani alichojenga mume wangu kwenye gemu, anachokipenda kuliko mimi? Kimeng'oka! Nilimwachia mama yake pedi ya gemu nikaepue sufuria tu.

Narudi, ule mwamba kilipotia nanga haupo. Kauchimba wote! Mama mkwe!

Ati, "Lilikuwa jiwe tu mwanangu, linaziba dirisha la kituo."

Jiwe tu! JIWE TU!!

Sasa kituo kizima kinaelea kwenda kwenye jua, nami nabonyeza kila kitu, wapi! Nikamwambia, "Mama, mwanao atalia."

Mungu wangu, nasikia funguo mlangoni. Mama kanitupia pedi mapajani, kakamata mwiko:

"Mimi nilikuwa napika."