Aya Niliyoiruka

Jumapili. Masika yamekwisha, nyasi bado ndefu, na asubuhi kanzu yangu ililowa umande mpaka magotini.

Nimerudi Kisarawe jioni hii kwa lori. Miguu inauma, lakini si miguu inayonikosesha utulivu.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ambaye mimi ni karani wake hapa bomani, alipokwenda likizo kwao aliniazima darubini yake. Aliniambia nikatazame ndege kwenye mbuga ya Serikali nyuma ya Mzenga. Ni mwaka wa nne sasa tangu watu wahamishwe kutoka huko, na hakuna ruhusa kuingia bila kibali. Sikuwa nimewahi kwenda mahali kwa ajili ya kutazama tu. Nilikata kibali cha watu wawili, nikamwomba mjomba wangu, Mzee Kondo, anionyeshe njia. Yeye kazaliwa humo.

Tulitoka kwake baada ya sala ya alfajiri. Jua lilipopanda tukafika kwenye bwawa. Yangeyange walikuwa weupe ukingo mzima. Korongo wawili wenye taji walikuwa wakicheza, wanainama, wanaruka, wanafunua mabawa. Mjomba akawataja ndege mmoja mmoja kwa Kizaramo, nami nikiandika. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Kisha nikampa darubini. Hakuielekeza kwa ndege. Aliielekeza kwenye mikwaju ng'ambo ya bwawa, akaishikilia machoni. Nikamuuliza anaona nini.

"Kaburi la mama yangu liko pale," alisema. "Tangu tuhamishwe sijalipalilia. Mlisema marufuku."

Mama yake ni bibi yangu. Nami nilikuwa nahesabu korongo.

Na aliyesema marufuku ni mimi.

Siku ya kuhamishwa ndimi niliyesoma amri ya Serikali mbele ya watu. Ilikuwa ndefu, jua kali, watu wananung'unika. Nikaruka aya ya mwisho, iliyosema wenye makaburi wataruhusiwa kuingia kuyazuru, wakiomba kibali. Nilijiambia nitawaeleza baadaye. Wiki zikapita, nikaona aibu. Aibu ikawa miaka.

Leo nimemwambia yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikaripia.

"Kibali unacho mfukoni," alisema. "Twende."

Tukazunguka bwawa. Tuling'oa majani kwa mikono mpaka mawe ya kaburi yakaonekana. Akasoma dua, nikaitikia amina.

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumba yake, akanigeukia.

"Langu nimekusamehe, mwanangu. La wenzangu si langu kusamehe."

Wote waliohamishwa husali Ijumaa msikiti mmoja, pale Mzenga. Nitaomba ruhusa kazini niende. Baada ya sala nitasimama niisome aya ile.

Siogopi watakavyonitazama. Naogopa kuna mzee aliyekwisha kufa akisubiri ruhusa ambayo tayari alikuwa nayo. Huyo nitamsomea wapi?