Ulingo Umehamia Jangwani

Las Vegas, Amerika
Ijumaa

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo Baba. Salamu nyingi zikufikieni wewe na Mama hapo Malindi, na barua hii iwakute mmeamka salama. Goti la Mama je, limepoa? Mimi ni mzima, ila jicho la kushoto limefura na ninaandika nimeinamisha kichwa upande. Usimwambie Mama. Au mwambie, lakini anza kwa kumwambia kuwa nimeshinda.

Nimeshinda, Baba! Raundi ya saba!

Ngoja nikueleze, maana najua utaanza kufoka: "Las Vegas kuna nini? Si nilimruhusu aende New York?" Kweli. Ulinipa ruhusa ya mapambano matatu, nikishindwa yote nirudi kukukorogea halwa. Mawili nilishindwa huko New York, kwenye baridi ya kupasua midomo. Na ule ukumbi mkubwa tuliokuwa tukiusikia redioni, wewe na rafiki zako mkizozana barazani, siku hizi ndondi kubwa hazipiganwi sana pale. Mwalimu wangu, mzee mmoja mweusi aitwaye Kolman, alinicheka. "Umechelewa miaka kumi," akaniambia. Wenye mahoteli ya kamari huku jangwani ndio wanaowaita mabondia wakubwa, ili watu wakija kutazama wabaki wakicheza kamari. Ati kesho huenda mambo yakahamia Japani. Basi tukafunga mizigo, nikaufuata ulingo kama mtu aliyekatikiwa kamba na mbuzi wake.

Kuhusu kamari usiwe na wasiwasi. Nalala kwenye hoteli yao lakini meza zao sizigusi. Nikienda kula napita nimeinamisha macho, hata Kolman hunitania kuwa nimeangusha sarafu.

Sasa sikiliza. Ulingo waliuweka nje, kwenye uwanja wa kuegeshea magari, saa tisa mchana! Watu wa televisheni ndivyo walivyotaka, ili huko New York watazame jioni. Lami inawaka, kamba za ulingo zinaunguza mgongo. Mpinzani wangu, pande la mtu kutoka New York, raundi mbili za mwanzo alinitwanga, wallahi. Hili jicho ni kazi yake. Nikasema moyoni, basi, safari imekwisha. Raundi ya nne nikamsikia anahema. Ya tano mikono ikaanza kumshuka. Kolman akanimwagia maji akauliza, "Wewe huoni joto?"

Joto gani, Baba? Mimi niliyesimama mbele ya jiko lako miaka yote ile, nakoroga sufuria la halwa saa tatu nzima, nawe nyuma yangu wapiga kelele, "Usiache, itashika chini!" Nilikusikia Baba, pale pale ulingoni. Nikaendelea kukoroga. Raundi ya saba akapiga goti, akatikisa kichwa, akakataa kuinuka. Nililia mbele ya watu wote, na sioni haya kukwambia.

Wenye hoteli wameniletea mkataba wa mapambano mengine manne. Sijatia sahihi. Nimewaambia ruhusa ya baba yangu ilikuwa ya matatu, na matatu yamekwisha. Yule aliyeuleta alicheka: mtu mzima wa miaka ishirini na sita amwombe babake ruhusa? Nikamwambia kwetu ndivyo. Watangoja hadi mwisho wa mwezi ujao.

Baba, najua mabega yanakuuma na jiko linataka mtu. Lakini naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitanuna.

Nisalimie dada yangu Mwanaisha na shemeji, shangazi wa Mambrui, na jirani yetu mshona kofia, mwambie yake naivaa kila Ijumaa.

Ombi moja tu. Ikiwa jibu ni hapana, liandike kwa barua, lije polepole. Ikiwa ni ndiyo, Baba, nenda posta leo hii unipigie telegramu. Neno moja linatosha.

Mwanao,
Athmani