Rukia wa Ukutani

Jumatatu, 8 Julai

Vitumbua vimeisha mapema. Watu wa bima wamechukua sahani nzima, wana kikao. Uji umebaki kidogo, nimekunywa mwenyewe. Mwanangu Rukia amelala kwenye kanga chini ya meza, mkono mmoja ndani ya kikombe. Joto.

Hapa Chelezoni zamani meli zilivutwa juu ya reli zije kutengenezwa. Reli bado zipo, zinaingia majini. Meli hakuna. Sasa pamejaa ofisi, na lile banda kubwa ni la maonyesho na taarabu. Jumamosi kuna sherehe ya kuzindua michoro. Mji mzima umealikwa.

Mchoro mmoja ni sisi. Mimi na Rukia, kwenye ukuta wa banda, wakubwa kama nyumba. Dada Neema, mchoraji kutoka Mwanza, alituomba picha mwezi uliopita, nikakubali. Leo amemaliza uso wa Rukia. Yale mashavu! Nimesimama pale mpaka mlinzi akanicheka. "Mama Rukia, umehamia ghorofani, kodi analipa nani?"

Nimefurahi kupita kiasi.

Mama mkwe hajui. Ni mtu wa Pemba, hata picha ya simu ya mtoto haitaki. Nilimwambia Bakari amweleze, si ni mama yake? Akasema atamweleza. Hajamweleza. Namjua mume wangu.

Jumatano, 10 Julai

Rukia anachemka. Tangu alfajiri. Ziwa hataki. Sikwenda kuuza.

Asubuhi jirani yetu Bi Saumu kaingia na maneno yake. Kamwona mjukuu ukutani Chelezoni, anang'aa kama mwezi. Mashaallah hakusema. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Bi Saumu alipotoka tu, ndipo.

"Mwana umemtundika ukutani, mji mzima umkodolee macho! Nawe wauliza homa yatoka wapi?"

Bakari alikuwa anavaa helmeti. Akapanda bodaboda yake akaondoka bila kuaga. Mwoga yule.

Mama mkwe anataka mtoto anywe kombe kwanza, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji. Mimi nataka hospitali kwanza. Sijawahi kumkatalia kitu tangu niolewe. Leo nimemkatalia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka nalia njia nzima.

Wamemtoboa kidole. Malaria. Dawa nimepewa. Dawa ameitapika.

Alhamisi, 11 Julai

Tumelazwa. Kila dawa inarudi, sasa wanampa sindano. Macho yapo wazi lakini hayanitazami. Hata kulia halii.

Mama mkwe yuko hapa. Kaja na chupa ya uji na chupa ya kombe. Hasemi na mimi. Amekaa anamshika Rukia nyayo.

Naogopa atakufa. Basi, nimeandika.

Nesi anasema ni mbu. Na mimi najua ni mbu, chandarua chetu kimetoboka tangu mfungo wa Ramadhani. Lakini mchana nimeuwaza ule ukuta. Watu wote wale wanapita, wanamtazama mwanangu. Na mimi nilivyofurahi. Labda nilizidisha. Nikampigia Bakari: nenda kamwambie Dada Neema afute. Afute yote, mimi na mtoto. Sherehe siijui.

Bakari kapiga baadaye. Dada Neema amelia. Kisha kasema mtoto ni wenu, asubuhi nitafuta.

Sikujisikia nafuu hata kidogo.

Ijumaa, 12 Julai

Joto limeshuka. Si lote. Alfajiri kanyonya kidogo, akalala. Alhamdulillahi. Sithubutu kufurahi kwa sauti.

Mama mkwe alitoka asubuhi, hakusema anakwenda wapi. Habari nimezipata kwa Bakari, maana ndiye aliyempakia. Kaenda Chelezoni!

Wamemkuta Dada Neema juu ya ngazi na ndoo ya rangi nyeupe, ndiyo kwanza achovye brashi. Mama mkwe kasimama chini, anatazama. Katazama sana. Dada Neema kamwamkia shikamoo, wala hakumsikia. Mwisho kasema, "Usifute. Ndiye, mashaallah. Hata kidevu cha marehemu mume wangu hicho hapo." Halafu kauliza: wanja wake uko wapi?

Kila asubuhi humpaka Rukia doa la wanja kwenye paji la uso, kumharibu uzuri kidogo, jicho la mtu lisimpate. Dada Neema akajibu kwamba doa aliliona kwenye picha, akadhani ni masizi ya jiko langu. Akamsafisha.

"Umemsafisha!" Mama mkwe akashika kichwa.

Basi akamwongoza kutoka pale chini. Si katikati, peleka pembeni. Zidisha. Zidisha tena. "Bado mzuri huyo, mchafue!" Mpaka doa likawa kama mfuniko wa sufuria. Bakari anasema watu wa bima walitoka nje wote, wanashangilia kama wako kwenye mpira.

Nimecheka mpaka nesi kaja kuuliza kuna nini. Nikaanza kulia. Kaniletea maji.

Jumamosi, 13 Julai

Wameturuhusu. Homa hakuna. Tulipopita na bajaji nimezisikia ngoma za sherehe, sikushuka. Nilitaka kitanda changu.

Mama mkwe hakuwepo nyumbani. Mlinzi kanipigia simu, kicheko kinamzuia kusema. Mama mkwe wangu kavaa buibui jipya, kaomba kiti, kakaa chini ya ukuta. Kila anayemsifu mtoto anambana. "Sema mashaallah. Sema nisikie." Wageni wa Dar es Salaam walidhani ndiyo sanaa yenyewe. Wamepanga foleni.

Karudi magharibi, sauti imemkauka. Nikamkanda miguu. Akasema, "Hospitali ulifanya vyema kukimbilia." Akanipa mguu wa pili. "Na kombe nalo limesaidia."

Nikasema ndiyo, mama. Sina ugomvi na dawa yoyote leo.

Bakari kafunga chandarua kipya. Bila kuambiwa.

Jumanne, 16 Julai

Mvua ndogo. Nimeloweka mchele, kesho narudi na vitumbua. Dada Neema kaja kutuaga, anarudi kwao Mwanza. Rukia kamvuta hereni mpaka akapiga kelele.

Jioni nimechelewa na uji. Rukia akaanza kulia, kilio kile cha hasira, miguu inapiga sakafu, kuku wa Bi Saumu wametimka. Nikainuka mbio. Mama mkwe akanizuia kwa mkono.

"Mwache kidogo tu, mwanangu. Tumsikie."

Tukakaa mkekani, tunamsikiliza.