Nyaguthii Wawili na Mashine Moja

Nyeri Mjini,
Alhamisi, saa saba mchana.

Mpendwa Mama,

Goti lako linasemaje? Jirani yetu aliyekuja sokoni ameniambia chai imechipua mpaka vibarua hawatoshi, nawe bado unakataa kukaa chini. Tafadhali kaa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye shida, na sitaki kukuzungusha: mwenzangu kazini amefukuzwa kwa kosa nililolifanya mimi, na mpaka saa hii nimenyamaza.

Jirani aliniambia pia ulisimama kanisani ukawatangazia watu kwamba binti yako anafanya kazi na kompyuta. Laiti ungeiona hiyo kompyuta, Mama, ungeomba nirudi kuchuma chai. Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa akifika mapokezini hapa kliniki ananipa kadi ya bima, ile ambayo chama chao cha kahawa kimewapatia wanachama. Naiweka kwenye kioo cha mashine inayoitwa skana, nafunika, taa inapita polepole kama konokono aliyeshiba, ndipo picha ya kadi inaingia kwenye faili ya mgonjwa. Daktari amekataza mtu yeyote kupita mlangoni kwake kabla kadi haijaingia.

Na kadi zenyewe! Akina nyanya wa huku wanazifunga kwenye pindo la leso pamoja na tumbako ya kunusa. Wengine wamezichomeka darini juu ya moto zisiliwe na panya, zimekuwa nyeusi kwa moshi. Nazisugua kwa pamba na spiriti mpaka vidole vimebabuka. Picha inatoka giza, narudia. Umeme unapotea, narudia tena. Foleni imefika langoni na wazee wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo mashine.

Kisha inauliza tarehe ya kuzaliwa. Ni nani kati yao anayeijua? Wanasema mwaka wa njaa, basi. Fundi aliyeileta kutoka Nairobi alituagiza tuandike Januari mosi kwa kila asiyejua, kwa hiyo nusu ya wazee wa hapa wamezaliwa siku moja.

Jumatatu alikuja mama mmoja, Nyaguthii Kariuki. Nilipoingiza jina na ile Januari mosi, mashine ikasema mtu huyo yumo tayari, ikauliza kama nataka kuweka kadi mpya na maelezo mapya mahali pa yale ya zamani. Foleni ilikuwa inanung'unika. Nikadhani amepoteza kadi akapewa nyingine, nikabonyeza ndiyo.

Kumbe ni Nyaguthii wawili. Baba zao ni ndugu, kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama inavyotakiwa, na wote wawili wakaolewa na akina Kariuki. Mama, mimi ndiye wa kukosea hapo? Mimi niliyekua na Wangari wanne katika boma moja, wote tumeitwa jina la nyanya, ukituita Wangari wa dukani, Wangari mrefu, Wangari wa meno? Mgeni wa kutoka mbali angesamehewa. Mimi nilipaswa kumuuliza yule mama swali moja tu: wewe ni Nyaguthii wa nani?

Jumanne akaja yule mwingine, aliyekuwemo kwenye mashine tangu mwanzo, anayetoka Gatitu, kifua kimembana. Zamani faili yake ya karatasi ilikuwa na maandishi mekundu juu, kwamba penisilini inamdhuru, lakini daktari aliyafungia mafaili yote stoo. Kwenye kompyuta maelezo yake yalikuwa yamefutika, yapo ya binamu yake. Daktari akaandika penisilini. Sista alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano wakati yule mama alipomshika mkono.

"Sista, hiyo dawa si ile ilinifungia pumzi?"

Hivyo tu, Mama. Angekuwa mtu wa kuogopa kumuuliza sista, leo tungekuwa tunachimba kaburi.

Daktari alifoka mpaka wagonjwa wakatoka nje. Akafungua mashine, nayo ikamwambia kazi ile ilifanywa na Mukami. Mukami ni mwenzangu wa mapokezi, mama wa watoto wawili, kwao ni Kangari. Fundi alimpa neno la siri yeye peke yake. Asubuhi anafungua, halafu tunapokezana kiti kutwa nzima. Jumatatu alikuwa ameenda kunywa chai, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa. Daktari hakuuliza. Alimwambia afunge vitu vyake.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilingoja anitaje. Badala yake akanivuta kando.

"Wangari, pengine ni mimi. Ile siku nilikuwa nimechoka, hata sikumbuki. Pole, ati nakuachia hii foleni yote."

Aliniomba msamaha, Mama. Naikasirikia mashine, namkasirikia fundi, namkasirikia daktari aliyefungia mafaili, na nikimaliza kuwakasirikia wote bado nabaki mimi na kile kidole changu. Wewe husema mficha uchi hazai. Nimeficha siku mbili, na sioni nilichopata.

Msalimie Baba Mdogo, mlinzi wa kiwanda cha chai, na mke wa kaka yangu anayekutekea maji. Nyanya mwambie namkumbuka. Kama kuna watakaouliza habari za kompyuta kanisani, waambie waniombee, usiseme zaidi.

Daktari anarudi saa tisa, nami nitaingia kwake nimwambie ni mimi, amrudishe Mukami. Huenda nikafika nyumbani wiki hii na sanduku langu. Nimekuandikia kwanza kwa sababu najijua: nikifika mlangoni kwake nitatafuta kisingizio. Posta iko ng'ambo ya barabara. Naitia barua hii kwanza, kisha nagonga mlango, kwa sababu ikishaondoka sitaweza tena kukutazama usoni nisipomwambia.

Ni mimi binti yako,
Wangari